Jamani, Liacheni na Kiu Yake

Ukarimu wa pwani unasifiwa kila mahali, na mie mwenyewe nimeusifia mbele ya wageni wengi. Lakini mwenye kutaka kuuona unavyoua, aje kwangu Mkwaja, atazame dirisha la sebule lililoelekea baharini. Pale pana kopo, na ndani ya kopo pana okidi. Okidi ile haikuguswa na mbuzi wa jirani, haikukaushwa na kaskazi, wala tumbili hawakuifikia. Balaa iliyoipata ni kupendwa.

Sikuitafuta. Nilipoagana na ubao na chaki, nilitaraji wanangu watanifanyia yanayofanywa kwa wastaafu wengine: godoro zuri, kanzu ya kushonwa, au angalau redio inayoshika stesheni bila ya kupigwa makofi. Binti yangu wa Dar es Salaam akaniletea ua. Alilipakata njia nzima, Bagamoyo, Makurunge, akalipitisha Saadani kwenye vumbi, akashuka hapa yeye mwenyewe mwekundu mpaka kope, ua likiwa safi ndani ya nailoni yake. Bei hakunitajia. Alisahau kubandua kibandiko chini ya kopo, nikaisoma usiku kwa tochi ya simu. Tangu hapo nikimwona jogoo mnene barabarani huingiwa na huzuni.

"Baba, hili ni la wanaoanza," akaniambia. "Halina shida. Hata mtu asiyejua kitu analiweza."

Nimefundisha sayansi mpaka mvi zikaniota. Nimepanda minazi inayowalisha watu ambao hata salamu hawanipi. Leo naletewa mmea wa mtu asiyejua kitu, na masharti yake yanajaza daftari.

Jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis. Alilitunga Carl Blume mwaka 1825, na hapa kijijini hakuna mzee awezaye kulitamka bila ya meno ya bandia kumponyoka. Sisi tunaliita ua la Mwalimu, na likipatwa na jambo, mwenye kuulizwa ni Mwalimu.

Habari zilipoenea kwamba nimeletewa ua kutoka Dar, watu walikuja kulitazama, na kila aliyeingia aliuliza maswali yale yale. Wanaume waliuliza, "Linaliwa?" Wanawake waliuliza, "Linanukia?" Vijana waliuliza, "Linafukuza mbu?" Nilipojibu hapana mara tatu, nikaona kila mtu ananitazama kwa huruma. Mke wangu ana mrehani mlangoni, ana asumini uani, ana mkilua nyuma ya jiko. Asumini inatungwa kikuba, kilua kinawekwa kifuani, mrehani unakwenda kwenye sherehe na msibani. Hili la kwangu halitungwi, halivaliwi, halifukizwi. Limekaa tu limejaa rangi ya zambarau, linangoja kuhudumiwa.

Kuhusu kuliwa, shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi nyanda za juu kusini alinitia matatani. Akasema mbele ya mke wangu kwamba huko zipo okidi za ardhini zenye viazi vidogo chini, vinachimbwa, vinavushwa mpaka Zambia, vinasagwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ni kweli kabisa, na vilichimbwa kwa wingi mno. Kitulo, ule uwanda wa maua ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi ni miongoni mwa mali zinazolindwa pale. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaligeukia ua langu na kulikodolea macho kwa namna ambayo sikuipenda. Ilinibidi nieleze kwamba hili halina kiazi, lina mizizi mitupu.

Na mizizi ndiyo kesi yenyewe.

Nivae tena ualimu kidogo. Kwao, Indonesia, Ufilipino na nchi za jirani, mmea huu hauoti ardhini. Unakaa juu ya matawi ya miti, umekumbatia gome, mizizi mingine ikining'inia hewani. Haunyonyi mti ule. Umepanga tu, na kodi haulipi. Mvua ikinyesha, mizizi inalowa chepechepe. Mvua ikikatika, upepo unaikausha. Mzizi umevikwa ganda la seli zilizokufa, na kazi ya ganda hilo ni kuyadaka maji yanapopita na kuyashikilia kwa muda. Likiwa kavu, mzizi unaonekana wa rangi ya fedha. Likilowa, unageuka kijani, kwa sababu chini ya ganda mzizi wenyewe una umbijani na unajitengenezea chakula kwa mwanga. Mzizi wa aina hiyo unataka maji yapite yaende zake, na hewa ibaki. Ukiutia kwenye maji yaliyotuama, unakosa pumzi, unakufa, na ukishakufa kuvu na bakteria wanaingia kurithi.

Sasa chukua kiumbe mwenye tabia hizo, umweke katika nyumba ya Kiswahili.

Mke wangu alikuwa akimwagilia mrehani wake asubuhi, na akilifikia dirisha anasema, "Na wewe maskini, chukua." Mjukuu wetu akiambiwa amalize maji ya kunywa, anayamalizia kwenye kopo. Shangazi yangu, mtu mzima wa heshima ambaye hakuna wa kumkataza kitu, alileta maji aliyooshea mchele, akasema yana nguvu. Jirani yangu mvuvi alileta maji aliyooshea changu, akasema yale ya mchele ni ya watoto. Wageni waliokaribishwa maji waliona haya kunywa peke yao. Hata maji yaliyobaki kwenye birika baada ya udhu yalipata pa kwenda. Na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa kuwa wema unaotangazwa hauna thawabu.

Baada ya muda majani yakaanza kulegea. Yakaingia mikunjo, yakainama, yakawa hayana tena ule ung'avu. Na hapa ndipo ninapolilaumu ua lenyewe. Mmea ulioozewa mizizi hauwezi kunywa hata ukikaa kwenye bwawa, kwa hiyo majani yake yanakauka. Dalili za kuzama ni zile zile za kiu. Kila aliyepita dirishani akaona majani yaliyonywea, moyo ukamuuma, akaenda kuchota. Kadiri lilivyozidi kufa kwa maji ndivyo lilivyozidi kuletewa maji. Nyumba nzima ilikuwa inaokoa.

Nikampigia binti yangu simu ya video. "Baba, litoe kwenye kopo," akasema, "tuone mizizi." Nikatandaza gazeti juu ya meza, watu wakajaa mpaka mlangoni, nikalitoa. Nje kulikuwa na vipande vya magome. Katikati, palipojificha, kulikuwa na donge la nyuzinyuzi lililobana mizizi yote kwenye shina, limeloa tepetepe. Donge hilo halikufungwa na mtu wa Mkwaja. Limetoka kitaluni: mche ulikuzwa ndani yake tangu mdogo, na kule linafaa kwa sababu maji yanapimwa. Likishafika kwa mteja, nje panakauka na ndani hapakauki, na muuzaji haoni sababu ya kukwambia.

Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia. Ukiubonyeza, unabonyea. Ukiuvuta, ganda linavuka kama soksi mguuni, unabaki umeshika uzi mwembamba. Huo umekwenda. Ulio hai ni mgumu kidole kikiupima, mweupe au wa kijani, na haidhuru umepinda vipi. Sheria ni moja: laini na tupu unakatwa, mgumu unabaki.

Mkasi uliokuwa mkali nyumbani ni mmoja tu, wa mke wangu wa kukatia vitambaa. Nikaupitisha motoni kuua vijidudu, na kilio alichokipiga kiliwaleta watu wengine waliokuwa hawajui kama kuna shughuli. Nikakata. Kila mzizi ulipoanguka, kina mama waliguna. Nilipomaliza, jirani yangu mvuvi akatazama kilichobaki, majani machache na vimizizi vya kuhesabika, akasema, "Mwalimu, hili umelinyoa. Sasa lizikwe tu."

Baada ya kukata, unaacha vidonda vikauke, na wengi hupaka unga wa mdalasini kwenye ncha zilizokatwa kwa kuwa unakausha na kuzuia kuvu. Usiupake mzizi mzima, maana utaukausha na huo pia. Mdalasini ulikuwepo, wa Muheza, mzuri sana, umetunzwa kwa ajili ya pilau. Nilichukua kidogo. Mke wangu anasema nilichukua wa harusi mbili. Mkasi na mdalasini vimeunganishwa kuwa kesi moja, na mpaka leo hukumu haijatoka.

Katika majonzi hayo nilijifariji kwa historia. Karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na wazimu wa okidi. Walituma watu kwenye misitu ya tropiki, miti ikaangushwa ili yachunwe maua yaliyo juu, meli zikapakia mimea kwa maelfu. Ikifika, wanaiweka katika nyumba za vioo zenye joto na mvuke, madirisha yamefungwa, kwa imani kwamba tropiki yote ni jiko. Ikafa mingi mpaka wenyewe wakaiita nchi yao kaburi la okidi. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, ni miongoni mwa waliozinduka mapema, miaka ya 1830: akapunguza moto, akaingiza hewa. Mabwana wale walikuwa na vipimajoto, vitabu na watumishi. Mie nina shangazi na maji yake ya mchele. Naona nimefanya vizuri.

Ikaja shida ya mahali pa kulipanda upya. Vitabu vinataka magome ya msonobari. Msonobari na Mkwaja wapi na wapi? Sisi tuna makumbi, na makumbi yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba ni kitu kizuri kabisa kwa okidi: yanashika unyevu, yanaacha nafasi za hewa, hayaozi haraka. Ukichanganya na vipande vya mkaa, bora zaidi. Nikasema, hapa sasa limefika kwenye nchi yenye neema. Kumbe makumbi ya pwani yana chumvi, na mizizi hii haipendi chumvi hata kidogo. Kina mama wa hapa wanayafukia makumbi ufukweni, bahari iyalainishe wapate usumba wa kusokotea kamba. Mie niliyaloweka kwa maji matamu, nikayamwaga, nikayaloweka tena, watu wakipita wananiuliza hiyo kamba yangu itakuwa ya dau gani.

Na maji matamu hayo ni yapi? Kisima chetu ni cha chumvichumvi, ndicho nilichokinywa tangu nikiwa mtoto, na chai ya humu ndani haihitaji kukolezwa. Ua haliwezi. Ua linataka maji ya mvua. Kwa hiyo nyumbani pana pipa la maji ya mvua lenye kifuniko na jiwe juu yake, na asiyeruhusiwa kuligusa ni mie niliyelinunua. Ninapokunywa maji yangu ya kisima nikitazama kile kiumbe kikinyweshwa mvua ya masika, hujiuliza kati yetu nani amestaafu.

Mke wa binamu yangu anayeishi Marekani alipopata habari akaleta ushauri wake: liwekee vipande vitatu vya barafu kila wiki. Nilidhani ananitania. Kumbe kule mimea hii inauzwa na maelekezo hayo hayo, na watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio na Georgia walichapisha mwaka 2017 kwamba barafu haikuidhuru mimea waliyoijaribu kwenye magome, mizizi ilihimili. Maana yake ni kipimo tu, barafu inayeyuka taratibu na mtu hapati nafasi ya kuzidisha. Barafu ya Mkwaja inakuja kwa ajili ya samaki, na ina harufu ya samaki hao hao. Nilimshukuru shemeji, nikamwambia tutalifikiria.

Wivu mkubwa kuliko wote umenishika nikitembea nje. Huku kwetu okidi zimejaa, na hakuna anayezibembeleza. Iko moja, Ansellia africana, inayoota juu ya mibuyu, mikoche na miti mingine ya pwani, shada kubwa, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Hiyo mizizi yake mingine inachomoza kwenda juu, imechongoka, inadaka majani makavu yanayoanguka, yanaoza pale pale, inajipatia mbolea yake. Iko nyingine katika vichaka na misitu ya pwani, Microcoelia exilis, ambayo haina majani kabisa. Ni fungu la mizizi limeshika tawi, na mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi zote za majani. Ikichanua, maua yake ni meupe, madogo mno, unaweza kuyapita. Na kwenye vichaka iko vanila ya mwituni, Vanilla roscheri, nayo haina majani ya maana, inajipandia kwa shina lake nene la kijani, inatoa maua meupe makubwa juani, kwenye upepo wa chumvi. Imepewa jina la Albrecht Roscher, Mjerumani aliyesafiri nchi hizi na kuuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Yeye alikufa, ua lake linadunda.

Jirani yangu mvuvi ndiye aliyeanza uchochezi. "Mwalimu, si ukachukue hiyo ya kwenye mkoche? Haijawahi kuugua." Nikamweleza kwamba Hifadhi ya Saadani iko hapo hapo mlangoni, na kung'oa mmea hifadhini ni kosa, na biashara ya kimataifa ya okidi za mwituni inadhibitiwa kwa mkataba. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo zinazojiweza zina askari, na hii isiyojiweza imeachiwa wewe." Sijapata jibu.

Mkwaja ina uzoefu na wageni wa gharama. Mwaka 1893 Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, hapo kusini ya mto Pangani, mkoa wetu huu huu. Haikuombewa dua, haikupakwa mdalasini, na kutokana na hiyo 62 Tanga nzima ikajaa mkonge. Miaka ya 1950 Kampuni ya Amboni ikafungua ranchi hapa Mkwaja ili wafanyakazi wa mkonge wapate nyama. Wakaletwa ng'ombe kwa maelfu, wakachomwa sindano, wakaoshwa kwenye josho, na mbung'o wakawala vilevile. Vichaka vya migunga vikarudi kila vilipofyekwa. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, ardhi ikaingizwa hifadhini, sasa ni ya swala na twiga ambao hawaombi sindano. Ardhi ya hapa inamjua imtakaye. Nilipolitazama ua langu kwenye makumbi yake nilijiuliza tu liko upande wa mkonge au wa ng'ombe.

Likakaa. Halikufa, halikupona, lilikaa. Na mie nikajifunza kazi yake, ambayo kwa hakika si kazi. Asubuhi unatazama mizizi kupitia kopo linaloonyesha ndani. Mie nimekata dumu la maji la plastiki jeupe, nikalitoboa matundu chini na ubavuni. Mizizi ikiwa ya kijani, unaondoka. Ikigeuka rangi ya fedha, unalizamisha kopo kwenye maji ya mvua kwa dakika chache, unalinyanyua, unalitingisha mpaka tone la mwisho, unaangalia maji yasituame kati ya majani, unalirudisha. Hapa kwetu, kwa unyevu huu wa bahari, hiyo inaweza kuwa mara moja kwa wiki. Siku zilizobaki unakaa mikono umeifumbata. Mkulima yeyote wa mihogo anaweza kukaa mikono ameifumbata. Asichoweza ni kumkalisha mkewe, mjukuu, shangazi, mvuvi na wageni wa Idi.

Nikabandika karatasi: USIMWAGILIE. Shangazi hasomi bila miwani, na miwani haivai kwa ajili ya karatasi. Mjukuu alisoma, akauliza, "Babu, na juisi?" Mke wangu alisema ni aibu nyumba yake kuwa na tangazo la kunyima maji, wapita njia watasemaje. Usiku nilisikia nyayo kuelekea sebuleni na mlio wa kata. Nilipoamka kuuliza, nikaambiwa ni paka.

Mkombozi alikuwa Ramadhani. Alasiri moja aliingia mgeni, mtu mwema kabisa, akaona yale majani, akasikitika, akanyoosha mkono kwenye mtungi. Mie nikiwa na njaa yangu na sina nguvu ya kuhutubia, nikamwambia, "Limefunga."

Mkono ukarudi. Akalitazama ua, akanitazama mie, akasema kwa adabu, "Niwie radhi, sikujua."

Nikaliona pale pale jambo ambalo sayansi ya darasani haikunipa. Nilikuwa nimewaambia watu habari za hewa, ganda na kuvu, wakanisikiliza na kumwagilia. Neno moja hili kila mtu wa pwani analielewa. Hakuna Mswahili atakayemtilia maji mdomoni mtu aliyefunga. Nikaitoa ile karatasi, nikaandika nyingine: LIMEFUNGA. Shangazi alisomewa, akasema, "Masha Allah." Maji ya mchele yakakoma. Mvuvi akawa akipita dirishani anapunguza sauti. Mjukuu akawa mlinzi, anawafukuza wenzake wenye vikombe: "Mtalifuturisha!"

Upinzani ulitoka kwa maalimu wa madrasa, na ulikuwa wa kitaalamu. Akasema kwanza, kufunga wiki nzima usiku na mchana bila ya futari haifai kwa mtu yeyote. Nikamjibu linafuturu kila Ijumaa asubuhi. Akasema pili, ua hilo ni msafiri, na msafiri ana ruhusa ya kula. Nikamwambia msafiri akishakaa akapewa kopo lake na dirisha lake, huyo ni mkazi. Akatabasamu, akaniambia niandae hoja nzuri zaidi ya hizo mbele ya Mola. Lakini yeye pia hakumwagilia.

Kwa sasa kuna jani jipya katikati. Kuna mizizi miwili imetoka kwenye shina, ncha zake za kijani mbichi, imepita juu ya ukingo wa dumu langu na kuelekea nje dirishani, haitaki hata kuyaona makumbi niliyoyahangaikia. Binti yangu anasema ndivyo inavyotakiwa, niiache. Anasema pia kwamba mmea huu unahitaji majuma ya ubaridi kidogo, chini ya nyuzi 25 hivi, ndipo utoe kikonyo cha maua, kwa hiyo nisubiri kusi na kipupwe. Nasubiri. Ndiyo kazi niliyopewa.

Shida imebaki moja. Ramadhani iliisha, Idi tukaila, na mke wangu si mtoto mdogo. Siku ya pili yake alisimama mbele ya dirisha, mkono kiunoni, kata mkononi.

"Mwalimu, Idi imepita. Lipe maji."

"Linafunga sita za Shawali," nikamwambia.

Akanyamaza, akahesabu. Zilipokwisha sita, akarudi na kata ile ile.

"Na sita zimekwisha."

"Sasa linalipa kadha."

"Kadha ya lini? Si lilifunga mwezi mzima?"

"Kadha," nikamwambia, "ya siku zote zile mlizokuwa mkilinywesha mchana."